Mgeni Aliyekuja Bila Jibu

Walimu wanaopinga kualika wazungumzaji sekondari wana hoja. Silabasi ni ndefu, mtihani hausubiri, na mgeni akija saa nne akaondoka saa sita, vipindi vitatu vimeliwa. Wengi huacha makofi na picha ya pamoja. Wengine huja kunadi chuo chao, biashara yao au siasa zao. Mwalimu aliyeumwa na hao akafunga lango, simlaumu.

Ila hao wamewachafulia jina wenzao. Ukitaja mgeni, watu huona mhamasishaji mwenye kipaza sauti. Mimi namsema mwingine. Niliwahi kuketi nyuma ya darasa siku mpima ardhi alipoandika ubaoni vipimo vitatu vya ukuta mmoja. Alivichukua mwenyewe, kwa kifaa kilekile, na hakuna viwili vilivyolingana. Akauliza kipi ni sahihi. Darasa likanyamaza, likingoja jibu. Akasema hana, kazi yake ni kujua amekosea kwa kiasi gani. Kijana mmoja akanyoosha mkono: "Sasa kwenye mtihani tuandike kipi?" Tulicheka, lakini sijawahi kusikia sababu nzuri zaidi ya kumwalika mtu yule.

Watetezi wa wageni hupenda takwimu moja ya Uingereza. Watafiti walipitia kumbukumbu za watu waliozaliwa wiki moja ya Aprili 1970, wakakuta kwamba kila mazungumzo ya kikazi na mtu wa nje, waliyohudhuria wakiwa na miaka 14 hadi 15, yaliambatana na kipato kilichozidi kwa wastani wa asilimia 0.8 walipofika miaka 26. Yaliambatana, si lazima yalisababisha. Hali ya familia na uwezo wa masomo vilizingatiwa, sawa, lakini shule inayopata wageni huenda ina mengine mazuri ambayo hesabu haiyaoni. Na hata tukiikubali yote, inapima mshahara. Yule kijana aliyegundua kwamba namba inaweza kuwa na shaka ndani yake, asilimia yake ni ngapi? Kumtetea mgeni kwa mshahara ni kumpeleka sokoni kwa mizani isiyo yake.

Mwaka 1812, Michael Faraday, aliyekuja kuwa mwanasayansi mashuhuri wa umeme, alikuwa kijana akijifunza kujalidi vitabu London alipobahatika: alipata tiketi za mihadhara ya mkemia Humphry Davy. Watu husifu bahati ya tiketi. Mimi hutazama daftari: aliandika upya aliyoyasikia, akachora vifaa, akajalidi, akampelekea Davy, na mwaka uliofuata akaajiriwa kuwa msaidizi wake wa maabara. Kazi kubwa ilifanyika ukumbi ukiwa umeshafungwa. Hapo ndipo mwalimu mlalamikaji ana haki yote: mgeni asiyefuatiwa na somo ni vipindi vilivyopotea kweli.

Kesho yake baada ya yule mpima ardhi, mwalimu wa hisabati aliwatoa wanafunzi nje na futi kamba, wakapime ukuta uleule. Kipindi cha nne nacho kikaliwa.