Aliyepigwa Picha Naye Ana Haki Yake

Katika kazi yote ya Dawoud Bey, mpiga picha Mmarekani mweusi aliyezaliwa New York mwaka 1953, ninachokiheshimu kuliko vyote ni uamuzi alioufanya mwaka 1988. Aliiweka kando kamera ndogo ya mkononi, akaingia mitaani na kamera kubwa ya kusimamishwa kwenye stendi. Kamera ya namna hiyo huwezi kuificha, wala huwezi kumvizia mtu nayo. Lazima umsalimie, umwombe, naye akubali kusimama akusubiri uipange.

Filamu aliyotumia, Polaroid Type 55, ilitoa vitu viwili kwa mpigo: picha iliyo tayari papo hapo, na negativu ya kusafishia nyingine baadaye. Picha alimkabidhi mwenye sura yake, yeye akabaki na negativu. Vijana wa Brooklyn, sehemu ya jiji la New York, walirudi nyumbani na picha zao mkononi siku ileile.

Hakuanzia hapo. Mwaka 1969 aliona maonyesho kuhusu Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York, katika jumba kubwa la makumbusho la Metropolitan, maonyesho yaliyozua maandamano kwa sababu wachoraji na wachongaji weusi waliachwa nje. Kuanzia 1975 akawa anapiga picha Harlem kwenyewe, mtaa ambao wazazi wake walikutana. Zilipotundikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1979, zilitundikwa hapohapo Harlem, katika makumbusho ya Studio Museum, ili wenyewe wajione kabla ya wageni.

Mwaka 1998 alianza kufundisha katika chuo cha Columbia College Chicago, na kwangu mimi ualimu wake na upigaji picha wake ni kazi moja. Alipowapiga picha wanafunzi wa sekondari, kila mmoja aliandika habari zake mwenyewe, na maneno hayo yakawekwa pamoja na picha. Tunavyowahukumu vijana kwa nywele na mavazi! Hapa unamtazama usoni, kisha unamsoma, na ulichokuwa umekidhani kinaporomoka.

Halafu kuna kazi ya Birmingham, mji wa jimbo la Alabama kusini mwa Marekani. Septemba 15, 1963, bomu la wabaguzi liliua wasichana wanne kanisani, na wavulana wawili wakauawa siku hiyohiyo. Miaka hamsini baadaye Bey aliwapiga picha watoto wa mji huo wenye umri uleule wa marehemu, na watu wazima wenye umri ambao marehemu wangekuwa nao. Akawapanga wawiliwawili. Mtoto wa miaka 11 kando ya mtu wa miaka 61. Sijaona picha ya maiti iliyonieleza hasara ya kifo kama zile.

Huku kwetu mafunzo ya picha yamejaa lenzi, mwanga na programu za kuhariri. Kuomba ruhusa hutajwa kwa haraka, kurudisha picha hakutajwa kabisa. Wazee na watoto wa vijijini wametapakaa kwenye kalenda na mabango ya miradi, na wengi wao hawana hata nakala moja ukutani. Kusafisha picha siku hizi ni bei ndogo, na studio ziko kila mji. Ningekuwa mkuu wa chuo, hakuna mwanafunzi ambaye angepewa alama za picha ya mtu kabla hajampelekea mwenyewe nakala yake.