Wati 700 za Kwenye Boksi

Kadi ya michoro niliisomea wiki tatu. Prosesa niliiota. Hata feni za kwenye keysi nilizilinganisha kelele, moja baada ya nyingine. Pawa saplai, kile kisanduku kinachoilisha kompyuta umeme, niliichagua kwa dakika nne, nikiwa nimesimama, kwa hela iliyobaki mfukoni.

Lakini msinione mjinga kabisa. Nilikuwa nimesikia kwamba pawa saplai nzuri huwa nzito, basi nikalipakata boksi kama mtu anayekabidhiwa mtoto mchanga, nikalipima kwa mikono. Zito! Na juu limeandikwa 700W, tarakimu zinawaka moto, nyuma yake kuna joka. Hesabu yangu ilikuwa fupi: kadi inataka kama wati 200, prosesa 100, vikorokoro vingine 50. Jumla 350. Mimi ninazo 700. Nikajiona nimenunua mpaka za wajukuu.

Siku ya kwanza nikafungua barua pepe, ikafunguka. Nikafungua video, ikacheza. Nikawasha gemu, nikatembea mpaka kwenye lango la jitu la kwanza, lango likafunguka, jitu likainua shoka, na kompyuta ikazima. Pu! Hakuna ujumbe, hakuna skrini ya bluu, hakuna hata kwaheri. Kisha ikajiwasha yenyewe na kutulia pale inapoomba nywila, kama vile haijafanya kitu.

Nikalaumu gemu, nikaifuta na kuipakua upya. Nikalaumu Windows, nikaiweka upya mara mbili. Nikalaumu joto, nikang'oa ubavu wa keysi na kuielekezea feni ya chumbani; mashine ikapoa, mimi nikatota jasho. Jitu likiinua shoka tu, giza.

Mwishowe nikagundua dawa, na hapa naomba msicheke. Ukitazama chini ndani ya gemu, kadi haina cha kuchora zaidi ya udongo, kwa hiyo inakula umeme kidogo. Nikaanza kucheza nimeinamisha kichwa. Wenzangu wanapambana na jeshi zima, mimi napita katikati yao nimekodolea viatu vyangu kama mtu aliyedondosha funguo.

"Huyu anatafuta nini?" mmoja akauliza kwenye maiki.

Nikamwambia ni mbinu. Na ilinifikisha mbali, dakika 20 nzima, mpaka mtu alipotupa bomu karibu na viatu.

Mdogo wangu wa kike, ambaye anasomea umeme, alinikuta nimejiinamia kwelikweli.

"Kaka, umesoma lebo?"

"Nimesoma. Mia saba."

"Hiyo ni ya boksi. Nauliza ya ubavuni."

Akamulika kwa simu, akaweka kidole kwenye mstari wa volti 12. Ampea 20. "Zidisha," akasema. Nikazidisha, nikapata wati 240. Nikazidisha tena kwa kikokotoo, maana kichwa kinaweza kukudanganya. 240.

Akanieleza kwamba kadi na prosesa hula karibu umeme wao wote kwenye laini hiyo ya volti 12. Laini za volti 5 na volti 3.3 kompyuta ya siku hizi inazidokoa tu, ila aliyeandika lebo alizirundikia ampea ili jumla inenepe. Tukajumlisha zote, na bado 700 haikufika. Nadhani joka nalo lilihesabiwa.

Kisha akaiona adapta. Kadi yangu ilitaka plagi ya pini 8, ile ambayo imepangiwa kupitisha mpaka wati 150, na pawa saplai haikuwa nayo. Nilikuwa nimeunganisha plagi mbili za diski kwa kiadapta cha bei ya bure. Plastiki yake ilinunuliwa nyeupe. Sasa ilikuwa na rangi ya jino la mvuta sigara.

"Zima," akasema. "Na usiguse kitu mpaka nitoke kuoga."

Nyuma ya ile pawa saplai kulikuwa na kiswichi chekundu kimeandikwa 230. Nikakisukuma kwa bisibisi nione upande wa pili kuna nini. 115. Hapo likanijia wazo ambalo hata leo nikilikumbuka usiku nageukia ukutani: kama mashine imeelemewa, si nipunguze volti? Nusu ya volti, nusu ya mzigo. Nikasema mdogo wangu akitoka atashangaa. Nikawasha.

Alishangaa.

Kumbe kile kiswichi hakipunguzi chochote. Kinaiambia pawa saplai umeme wa ukutani ni wa aina gani, na ukiiambia 115 wakati ukutani kuna 230, inazidisha mara mbili umeme ambao tayari ni mwingi, mpaka kapasita, vile vikopo vya kuhifadhia umeme, zinapasuka. Hayo niliyaelezwa baadaye. Nilichokiona mimi ni mwali kwenye matundu ya feni, mlio kama wa tairi, harufu ya nywele zilizoungua, na nyumba nzima giza, kwa kuwa swichi kuu ilikata. Bafuni kukawa kimya. Halafu sauti, taratibu kabisa:

"Kaka. Umegusa nini?"

Nilitaka kuifungua marehemu, akanikataza: kapasita za mle hubaki na umeme hata ukishachomoa waya. Tukachungulia kwa tochi kwenye matundu. Pembeni kulikuwa na kipande cha chuma kimefungwa kwa skrubu mbili, hakikuunganishwa na waya wowote. Ndio uzito niliokuwa nimeupakata.

Mazabodi, ule ubao mkuu unaobeba vyote, na kadi vilipona, sijui kwa dua ya nani. Pawa saplai ya pili alichagua yeye: wati 650, na kwenye laini ya volti 12 ampea 54. Ukizidisha unapata 648, yaani namba ya boksi na namba ya ubavuni ni ndugu. Mimi nilikuwa nimevutiwa na nyingine kwa sababu ya neno Gold la 80 Plus. Akaguna. Cheti hicho, akasema, kinapima umeme unaopotea njiani ukawa joto, hakisemi mashine itadumu. Yeye alitazama kama ina kinga ya shoti na ya kuzidiwa mzigo, dhamana yake ni ya miaka mingapi, na waliowahi kuifungua na kuipakia mzigo mpaka mwisho walikuta nini. Nikauliza kuhusu uzito. Akanitazama, nikanyamaza.

Nikaifunga mwenyewe, nyaya nikazilaza vizuri. Nyuma hakukuwa na kiswichi chekundu. Hii inapokea volti 100 mpaka 240 bila kumuuliza mtu. Kulikuwa na kimoja tu cheusi, chenye alama ya mstari na ya duara. Nikakitazama kwa heshima, nikakiacha kama kilivyo. Nikabonyeza kitufe cha kuwashia. Kimya. Nikachomoa kila plagi na kuichomeka upya. Kimya. Baada ya nusu saa nikampigia simu.

"Kaka, ile swichi nyeusi ya nyuma, umeiwasha?"

"Swichi za nyuma niliapa sizigusi tena."

Nikamsikia akivuta pumzi. "Isukume upande wa mstari."

"Una uhakika?"

"Kaka!"

"Haya, subiri," nikamwambia, "nikaangalie kwanza kama kuna mtu bafuni."