Gredi ya 9 na mikondo mitatu: nani achague, mtoto au mzazi?

Januari 2026 kundi la kwanza la Mtaala wa Umilisi (CBC) liliingia Gredi ya 10 nchini Kenya. Ni watoto wale wale waliotangulizwa katika kila jambo: wa kwanza kuingia Gredi ya 7 mwaka 2023, tena ndani ya viwanja vya shule za msingi, na wa kwanza kufanya KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9, mwishoni mwa 2025. Lakini jambo zito kuliko yote walilifanya katikati ya mwaka huo, miezi kadhaa kabla ya kuuona mtihani wenyewe. Walichagua mkondo wa masomo watakaoufuata kwa miaka mitatu. Wengi wao walikuwa na miaka 14 au 15.

Kwa asiyeujua utaratibu, sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi ya 12, ina mikondo mitatu: STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kila mwanafunzi husoma Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati na somo la huduma kwa jamii, kisha huongeza masomo matatu ya kuchagua yaliyopangwa kwa michanganyiko. Katika uchaguzi ule wa kwanza kila mmoja alitaja shule 12, 9 za bweni na 3 za kutwa zilizo karibu na nyumbani. Serikali ilitarajia asilimia 60 ya wanafunzi waingie STEM, 25 Sayansi za Jamii na 15 Sanaa na Michezo.

Sasa kundi la pili liko Gredi ya 9 na mabishano yamerudi vikaoni. Wako wanaosema mtoto aachwe achague anachokipenda, na wako wanaosema mtoto wa umri huo hawezi kuamua maisha yake. Pande zote mbili zina hoja za kweli, ingawa naona zote zinalipita swali lililo gumu zaidi.

Nianze na wanaomtetea mtoto. Hoja yao inatoka kwenye ahadi yenyewe ya mtaala. Mfumo wa zamani wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu), ulioanza mwaka 1985, ulimpima kila mtoto kwa kipimo kimoja. Hata alipofika Kidato cha Pili na kuruhusiwa kuacha masomo machache, aliacha yale yaliyomshinda ili aokoe gredi, mara chache kwa sababu alijua anakwenda wapi. Mwisho wa safari alama zake ziliingia kwenye kompyuta za KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo na kozi, na huko ndiko kozi ilikopatikana. Sote tunamjua mtu aliyesomea ualimu kwa sababu pointi zilimpeleka ualimu. Mtaala mpya ulikuja kwa maneno ya kipawa na mwelekeo wa mtoto. Ikiwa mzazi ataishika kalamu na kujaza fomu mwenyewe, tumebadilisha jina la mfumo tu.

Na kuna jambo la darasani ambalo mwalimu yeyote analijua. Mtoto aliyechagua somo mwenyewe hulivumilia linapokuwa gumu. Aliyechaguliwa hutafuta wa kulaumiwa mara tu karatasi ya kwanza inaporudi na alama mbaya.

Upande wa pili nao hauzungumzi ovyo. Mtoto wa miaka 14 anasema anapenda Hisabati, ukimchimba kidogo unakuta anampenda mwalimu wa Hisabati. Anasema anataka Sanaa na Michezo, kumbe rafiki zake watatu wameandika hivyo. Kazi anazozifahamu ni zile anazoziona kati ya nyumbani na shuleni: mwalimu, muuguzi, polisi, mwenye duka, mwendesha bodaboda. Hajawahi kukutana na mpima ardhi wala mtaalamu wa bima, atawachaguaje? Wasichana ndio huumia zaidi katika hili, kwa kuwa wengi wameshaambiwa tangu zamani, kwa maneno na kwa kunyamaziwa, kwamba umeme na magari ni mambo ya wavulana. Kumwachia msichana kama huyo “uhuru” wakati hakuna aliyemfungulia macho ni kumwacha na uamuzi ambao wengine walishamfanyia.

Wanayo na hoja nyingine ambayo sijasikia ikijibiwa vizuri. Njia hizi hazirudiki kwa usawa. Aliyesoma Fizikia na Kemia miaka mitatu anaweza kuomba sheria au uandishi wa habari baadaye. Aliyesoma Historia na Fasihi ya Kiswahili hawezi kuamka siku moja akaomba udaktari, kwa sababu sayansi hujengwa ngazi kwa ngazi na aliyekosa ngazi za chini hana pa kukanyaga. Kwa hiyo mzazi anayesema “nenda STEM kwanza, mengine utaona mbele” hatumii ubabe tu. Anajaribu kumwachia mtoto nafasi ya kubadili nia.

Hisabati inaonyesha jinsi jambo hili lilivyo nyeti. Mapema mwaka 2025 ilipobainika kwamba Hisabati haitakuwa lazima kwa mikondo yote, wazazi na walimu walipiga kelele, na Aprili mwaka huo Waziri wa Elimu Julius Migos Ogamba akatangaza kwamba imerudishwa kwa wote. Ila imerudi kwa sura mbili: Hisabati kamili kwa walio STEM, na nyingine nyepesi iliyokusudiwa mikondo miwili iliyobaki. Wengi walishangilia na kufunga mjadala. Mimi nadhani hapo ndipo ulipofaa kuanza. Mtoto anayechagua Sayansi za Jamii kwa kupenda Biashara na Jiografia, akiwa na ndoto ya uchumi au uhasibu, huenda anachagua na aina ya Hisabati bila kujua. Mzazi wa mtoto kama huyo aiulize shule mapema, kabla fomu haijajazwa, kama mwanawe ataruhusiwa kusoma ile Hisabati kamili.

Hata hivyo hoja ya “STEM kwanza” ina udhaifu mkubwa, nao ni kwamba mlango hauachwi wazi na jina la mkondo. Unaachwa wazi na alama. Mtoto anayeng'ang'ania Fizikia akaishia na alama za chini hatasomea uhandisi, na ile sheria aliyoambiwa ataiona mbele nayo itataka lugha iliyo imara, ambayo hakupata muda wa kuinoa. Ukimsukuma STEM mtoto ambaye ripoti zake za Gredi ya 7 na ya 8 zinaonyesha anahangaika na Sayansi Jumuishi, somo la sayansi la madarasa hayo, umempotezea njia mbili kwa mpigo. Na ripoti hizo si mapambo. Katika upangaji wa kundi la kwanza KJSEA ilibeba asilimia 60, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 zikabeba 20, na mtihani wa Gredi ya 6 ukabeba 20. Mwenendo wa mtoto ulikuwa umeshaandikwa kabla ya fomu kufika.

Tatizo ni nani anayekaa na mtoto kuyasoma hayo. Mwaka jana nilikaa meza moja na baba mmoja na binti yake katika shule moja ya Kaunti ya Kilifi. Baba ni seremala. Binti alikuwa na daftari ambalo nyuma yake alichora tangi la maji la shule, na kivuli chake chini, na ngazi yake ya chuma, kwa uangalifu ambao sijauona kwa wanafunzi wengi. Alikuwa ameandika Sanaa kwa penseli. Baba akaifuta mbele yetu.

“Mwalimu, kuchora si kazi,” akasema. “Mimi nataka asome sayansi.”

Binti hakujibu. Nikawaomba ripoti. Sanaa za Ubunifu: amezidi matarajio. Somo la ufundi: amezidi matarajio. Hisabati: amefikia. Sayansi Jumuishi: anakaribia. Ungeitazama karatasi ile haraka ungemwambia baba ameshindwa hoja. Lakini tulipofungua orodha ya masomo ya STEM na kushuka hadi kwenye masomo ya kiufundi, tukakuta Ujenzi, Umeme, Ufundi wa Vyuma, na Useremala. Baba akarudia kulisoma neno hilo la mwisho. Hakuwa anajua kwamba kazi aliyoifanya miaka yote, kazi iliyomsomesha mtoto huyo, imo ndani ya STEM. Binti naye hakuwa anajua kwamba mtu anayechora matangi na paa anaweza kusomea Ujenzi. Wote wawili walikuwa wanagombania majina ya mikondo, hakuna aliyekuwa amefungua kilichomo.

Kisha likaja swali la shule. Shule ya kutwa iliyo karibu nao haikuwa na somo hilo. Zilizokuwa nalo kwenye orodha yetu ni za bweni. Baba akauliza karo, nami sikuwa na jibu la kumfurahisha: kwa shule za bweni za daraja la juu, C1, karo iliyowekwa na wizara ni Sh53,554 kwa mwaka, bila kuhesabu godoro, sanduku, sare na nauli.

Hapa ndipo mabishano ya “mtoto au mzazi” yanaponichosha, kwa sababu kwa familia nyingi mchaguaji halisi ni shule iliyo karibu. Kila sekondari pevu ilitakiwa kuwa na angalau mikondo miwili, mmoja wapo ukiwa STEM. Maana yake mtoto wa Sanaa na Michezo ndiye wa kwanza kukosa mlango katika kaunti ndogo yake. Hata ndani ya STEM, kuwepo kwa mkondo hakumaanishi kuwepo kwa somo. Katika orodha ya masomo ya kuchagua kuna Teknolojia ya Bahari na Uvuvi, somo ambalo mtoto wa Lamu au wa Kwale angelipokea kwa mikono miwili. Lakini somo hilo linataka mwalimu, vifaa na shule iliyoamua kulibeba. Bila hivyo ni mstari kwenye kijitabu.

Sisi walimu wa sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, tunaambiwa tuwe washauri wa mikondo, na tunaitikia kwa moyo. Lakini wengi wetu tunafundisha masomo matatu au manne katika viwanja vya shule za msingi, baadhi bila maabara. Kuna mtoto aliyechagua Kemia ambaye hajawahi kuona kemikali ikibadilika rangi mbele yake. Amesoma kuhusu sayansi, hajaifanya. Nikimuuliza kama anaipenda, namuuliza kuhusu kitu ambacho hajakutana nacho.

Majirani zetu Tanzania huuchelewesha uamuzi huu. Mwanafunzi wa kule hutaja tahasusi zake, yaani michanganyiko ya masomo ya Kidato cha Tano na cha Sita, akiwa Kidato cha Nne, na baada ya matokeo huruhusiwa kuzibadilisha kwenye mfumo wa TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia serikali za mitaa, akijua amepata nini. Mwaka 2024 serikali yao iliongeza tahasusi kutoka 16 hadi 65. Si kwamba wamemaliza matatizo, maana huko nako wengi huachana na Fizikia tangu Kidato cha Tatu, na mtaala wao mpya umeleta mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na kazi, unaoanza Kidato cha Kwanza. Lakini ile nafasi ya kubadili baada ya matokeo ni jambo la busara. Kwetu uchaguzi ulifanywa kabla ya mtihani, na shule zilipopangwa Desemba 2025 wizara ikalazimika kufungua dirisha la maombi ya kubadilisha. Maombi yalimiminika. Wengine walitaka tu shule yenye jina, hilo nalikubali. Lakini wengine walikuwa wamepangiwa kile walichokiandika wakiwa hawajakielewa.

Nikilazimika kuchagua upande, namchagua mtoto, kwa masharti mawili. Kwanza, asiulizwe anapenda mkondo gani kabla hajaonyeshwa masomo yaliyomo na kazi mbili tatu zinazotokana nayo, ikiwezekana na mtu anayezifanya. Nesi wa zahanati iliyo karibu atakuja akiombwa. Fundi umeme wa mtaani vilevile. Hili halihitaji bajeti, na lifanywe Gredi ya 8, si wiki ya kujaza fomu. Pili, mzazi ashike sehemu iliyo yake kweli: karo, umbali, na maswali ya kuiuliza shule. Mwalimu wa somo hili yupo? Karakana inafanya kazi au imefungwa kufuli? Mwaka huu mna wanafunzi wangapi katika mchanganyiko huu? Mzazi mmoja akiuliza anaweza kupuuzwa. Wakija kumi siku ya mkutano, mwalimu mkuu atajibu.

Wizara nayo ina deni katika hili. Shule ikitangaza kuwa inafundisha somo fulani, itangaze pia kama ina mwalimu wa somo hilo, na taarifa hiyo ipatikane kabla ya watoto kuchagua. Na muhula wa kwanza wa Gredi ya 10 uwe wakati halali wa kubadili mchanganyiko bila mzazi kubembeleza ofisi yoyote. Wiki chache ndani ya maabara humfundisha mtoto kujijua kuliko vikao vyote tunavyomwitia.

Yule binti wa Kilifi aliandika Ujenzi kwenye nafasi ya kwanza. Kwenye zile nafasi tatu za kutwa, baba yake alipendekeza Kompyuta, na yeye akakubali baada ya kuuliza kama kompyuta hutumika kuchora nyumba. Nikamwambia ndiyo, hutumika sana.