Walimu Wenzangu Waliniita Kimbelembele

Mtoto alikuwa darasa la tatu. Alifungua kitabu, akaweka kidole kwenye neno la kwanza, akaanza kusoma kwa sauti safi kabisa. Nilipotazama vizuri nikaona kidole kimeshafika mwisho wa mstari na mdomo bado uko katikati. Nikamwonyesha neno moja, "mbuzi", nikamwuliza hapa pameandikwa nini. Akarudi juu ya ukurasa, akaanza upya kumtafuta huyo mbuzi. Ukurasa wote alikuwa ameukariri. Kusoma alikuwa hajui.

Wiki ile niliwapima wote, mmoja mmoja: herufi, silabi, maneno, sentensi, hadithi fupi. Wengi walikwama kwenye silabi. Nikaanza kubaki nao saa nane mchana na mfuko wa vifuniko vya soda nilivyoviandika herufi. Sikudai hata senti kwa mzazi.

Hapo ndipo ofisi ya walimu ilipobadilika. Nikiingia, mazungumzo yanakatika. Kimbelembele. Anajipendekeza. Anautaka ukuu wa shule. Mmoja alinieleza waziwazi kwamba nikiwazoesha wazazi, wao wataonekana hawafanyi kazi. Mara mbili nilikuta darasa limefungwa na ufunguo haujulikani uliko, tukasomea chini ya mwembe.

Kuhusu mlango ule sina maneno ya kupamba. Mwalimu anayemzuia mwenzake kumfundisha mtoto asiyejua kusoma amekosea, hata awe amechoka namna gani.

Lakini sehemu ya upinzani ule niliipanda mwenyewe. Kwenye kikao cha walimu, Afisa Elimu Kata akiwepo, nilisimama nikataja idadi ya watoto walioingia darasa la tatu bila kujua kusoma. Kwangu hizo zilikuwa habari za watoto. Mama aliyewafundisha darasa la kwanza na la pili alikuwa amekaa viti viwili kutoka nilipo. Kikao kilipokwisha nilimfuata, nikamwamkia. Akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, kisha akasema, "Mwanangu, umenivua nguo mbele ya watu."

Neno lile sikulala nalo vizuri. Kesho yake nikaenda kukaa nyuma ya darasa lake.

Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, hajawahi kupokea darasa la kwanza lenye watoto chini ya 100. Siku niliyokaa mle walikuwa 130, wakati uwiano tunaotajiwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Gawanya mwenyewe: kila mtoto anapata sekunde zisizofika 14. Mtaala wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, wa mwaka 2015 ulitaka mtoto ajue sauti ya herufi, aiunganishe na nyingine, asome. Ili ujue kama ameiunganisha, lazima umsikilize yeye peke yake. Ukiwa na watoto 130 unasikiliza kwaya: ba, be, bi, bo, bu. Kwaya haikosei. Mtoto mmoja aliyepotea ndani yake humsikii, na mama yule hakuwa mvivu hata kidogo.

Ndiyo maana siukubali ule ushauri tunaopewa, kwamba puuza maneno, fuata moyo wako. Ukiyapuuza yote, utaipuuza na kweli iliyomo ndani yake. Na ukiyameza yote, utaacha kazi. Mimi ningesubiri kusifiwa na wenzangu, ningekuwa nimeacha kabla ya likizo ya Juni. Kilichonishika ni daftari. Kila mtoto ana mstari wake: jina, tarehe, na hatua aliyofika. Siku ambazo ofisini hakuna aliyenisemesha, nililifungua nikaona yule wa mbuzi amehama kutoka silabi kwenda maneno. Alihama tarehe 9. Hilo hakuna wa kunibishia.

Na niliacha kuwaonyesha wenzangu ninachojua. Tulipokutana kwenye jumuiya yetu ya ujifunzaji, ile ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambayo mara nyingi huishia kusaini mahudhurio, nilimwomba mama yule atuonyeshe anavyofundisha "ng" na "ng'", maana mimi nilikuwa nashindwa. Akasimama. Akatuambia sote, watu wazima, tuweke kidole puani, tuseme "ng'ombe", halafu "ngoma", tusikie ya kwanza inavyobaki puani na ya pili inavyogonga kooni. Walimu 11 wenye vidole puani. Nilikuwa nimefundisha miaka 6 bila kujua njia hiyo, na yeye alikuwa nayo muda wote, hakuna aliyewahi kumwuliza.

Wawili bado hawajanisamehe. Mmoja wao akiwa zamu, funguo zinachelewa, nami nimeshazoea kumwomba kwa adabu tangu asubuhi. Sitegemei kwamba atabadilika, na watoto hawawezi kumngoja abadilike.

Wiki iliyopita mama yule aliwaleta watoto wake wawili wa darasa la pili saa nane mchana, amewashika mikono. "Hawa wanaimba tu," akasema, kisha akavuta kiti akakaa. Jumatatu anachukua kundi la silabi. Mimi nitabaki na wale wa herufi, na vifuniko havitoshi, kwa hiyo kesho napita kwa muuza soda.