Tumbo la Mzee Lisingojewe

"Hana homa huyo, ni gesi na uzee tu." Yalisemwa hapa kwetu Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, juu ya mzee aliyekuwa siku ya tatu kitandani, magoti ameyakunja, hata uji haumpiti. Akiulizwa hujibu, "Sijambo, mwanangu." Wakampa haluli, dawa ya kuharisha. Alipofikishwa hospitali, kidole tumbo (apendiksi) kilikuwa kimeshapasuka na usaha umeenea.

Limeniuma sana jambo hili. Kijana wa miaka 18 akishika tumbo, boti hutafutwa usiku uo huo. Babu yake akishika tumbo, anaambiwa avumilie.

Haya, nakubali, maradhi haya ya kidole tumbo huwapata zaidi walio kati ya miaka 10 na 30. Lakini kupata ni jambo moja, kuzidiwa ni jingine. Kwa kijana maumivu huanza kitovuni, baada ya saa kadhaa yakahamia chini upande wa kulia, naye akatapika na kushikwa na homa. Hata jirani atashuku. Kwa mzee, homa huenda isiwepo. Kipimo cha damu huenda kisioneshe kitu, na tumbo likawa laini mkononi mwa daktari ilhali ndani mna usaha. Ndiyo maana wazee hufika kimeshapasuka mara nyingi zaidi kuliko vijana. Basi tusijipe moyo kwa kukosa homa! Na haluli isipewe mtu ambaye hajajulikana tumbo linamuuma kwa nini, inaweza kukipasua kidole tumbo.

Watoto wa chini ya miaka 5 nao ni vivyo hivyo, hawajui kusema panapouma.

Kijana aliyefanyiwa upasuaji mapema huruhusiwa baada ya siku moja au mbili. Mzee aliyepasukiwa na kidole tumbo, tena ana sukari au presha, hulazwa wiki au zaidi, dripu mkononi, kidonda hakifungi upesi, na kwa kulala chali kifua nacho kikamshika. Jamaa zake wametoka mbali, Kizingitini au Kiunga, mjini hawana pa kufikia.

Tumbo la mzee likimuuma saa sita mfululizo, na chakula hataki, mpelekeni. Nendeni naye mpaka ndani, mumweleze daktari maumivu yalianza wapi na lini, kwa sababu mwenyewe atasema hajambo. Mkiambiwa ni vidonda vya tumbo, ulizeni kwa adabu kama amepapaswa chini kulia.