Bibi Aliuliza Kuhusu Waya Mwekundu

Katika ukoo wetu mimi ndiye mtaalamu wa kompyuta. Cheo hiki sikukisomea. Nilikipata siku ile simu ya baba mdogo "ilipokufa" mtandao siku tatu mfululizo, nikaifufua kwa kubonyeza mara moja tu kile kialama cha ndege. Nilibonyeza nikiwa nimempa mgongo, nikaendelea kuishika dakika tano zaidi huku nimekunja uso, ndipo nikamrudishia. Tangu hapo, chochote chenye waya kikigoma, naitwa mimi.

Kwa hiyo video ya harusi ya dada ilipofika, na Bibi akatangaza kwamba yeye haangalii harusi ya mjukuu wake kwenye "daftari", ndivyo anavyoiita laptopu yangu, macho yote sebuleni yakanigeukia. Bibi alitaka kuiona kwenye TV yake. Na TV ya Bibi ni chogo hasa, ya mwaka 1996, ile ambayo kuihamisha kunataka watu wawili wa kubeba na wa tatu wa kusema "polepole, polepole." Kisogo chake kimezama ndani ya kabati hadi ukutani. Deki yake ilishakufa zamani, siku hizi ni mahali pa kuwekea ua la plastiki.

"Si ni kuunganisha waya tu?" akauliza Bibi.

"Waya tu, Bibi," nikamjibu.

Laptopu yangu ina tundu la HDMI, lile la kutolea picha na sauti kwenda TV za kisasa. Nikaenda nikanunua waya wa HDMI, mrefu, mnene, vichwa vyake vimepakwa rangi ya dhahabu kama pete. Kwamba kabla ya kununua ningeenda kwanza kuchungulia nyuma ya TV, hilo halikunijia kabisa. Mtaalamu achungulie nini?

Nilirudi nikalala chini ubavu, shavu kwenye sakafu, mkono umeingia nyuma ya kabati hadi begani. Baba mdogo alikuwa amenishikia tochi ya simu, akimulika kila kitu isipokuwa ninachokitazama. Nikapapasa. Nikakuta vumbi, nikakuta kifuniko cha kalamu, nikakuta tundu la antena. HDMI hakuna. Na isingekuwepo: HDMI yenyewe ilitangazwa rasmi Desemba 2002, wakati huo TV ya Bibi ina miaka sita na imeshazoea maisha yake. Nilikuwa namtafuta mjukuu kwenye picha ya harusi ya bibi yake.

Nilichokikuta, pembeni chini, ni vitundu viwili vya duara. Kimoja cha njano, kingine cheupe. Viwili.

"Kuna nini huko?" akauliza shangazi kutoka kwenye kochi.

"Mfumo wa zamani kidogo," nikasema nikiwa na utando wa buibui mdomoni.

Safari ya pili dukani nikapata suluhisho, au hivyo nilivyodhani. Waya mmoja, upande huu HDMI dume, upande ule vichwa vitatu: njano, nyeupe, nyekundu. Nilikaribia kuukumbatia. Nani tena angehitaji kitu kingine? Kila tundu la TV lina kichwa chake, rangi kwa rangi. Nikachomeka, vikaingia kwa ule mlio mtamu wa kitu kilichokaa mahali pake, nikaweka TV kwenye AV, yaani isome vile vitundu vya rangi badala ya antena, nikarudi nyuma hatua mbili kama fundi anayesubiri makofi.

Bluu. Kioo kizima bluu tupu.

Nikachomoa, nikachomeka. Bluu. Nikazima, nikawasha. Bluu. Baba mdogo akaipiga TV kofi la ubavuni, kwa maelezo kwamba "hizi za zamani zinataka hivyo." Ikatetemeka, ikabaki bluu. Akaomba bisibisi aifungue. Hapo ndipo utaalamu wangu ulipofanya kazi yake ya maana pekee siku ile, nilimkatalia kata kata. TV ya chogo ikiwaka huendesha volti zaidi ya 20,000 kwenye kile kioo chake, na umeme huo unaweza kubaki humo ndani hata waya wa ukutani ukiwa umeshachomolewa. Tulikuja kuangalia harusi, si kuandaa mazishi.

Nikamrudia muuzaji kwa hasira. Nikamwambia waya wake mbovu. Akauchukua, akauzungusha mkononi, akanitazama kwa huruma ile wanayotazamwa wagonjwa.

"Kaka, huu waya ni mzima. Ila hauna ubongo."

Akanieleza, na kwa kweli alieleza vizuri kuliko nilivyostahili. Laptopu inapotoa picha kupitia HDMI, haitoi picha, inatoa hesabu, tarakimu zinazokimbia kwa kasi kwenye pini 19. Lile tundu la njano la TV ya chogo halijui hesabu. Lenyewe lina njia moja tu katikati na mzingo wake wa nje, na linachosubiri ni wimbi la umeme linalopanda na kushuka. Ukiunganisha pini 19 na kichwa cha njano kwa shaba tupu, ni sawa na kumsomea mtu barua kwa lugha asiyoijua: sauti inafika, ujumbe haufiki. Lazima akae mkalimani katikati, na mkalimani huyo ni kidude chenye saketi ndani, kinachokula umeme. Wenyewe wanakiita konveta.

"Sasa waya huu mnauza wa nini?" nikauliza.

Akaangalia nje. Nikaona niyaache.

Kwenye rafu palikuwa na konveta za aina mbili, visanduku vidogo vinavyofanana kama mapacha, vyote vina tundu la HDMI upande mmoja na vitundu vitatu vya rangi upande wa pili. Kimoja kimeandikwa HDMI2AV, kingine AV2HDMI. Muuzaji alikuwa na mteja mwingine. Mimi nikasoma mwenyewe, nikatafakari mwenyewe. AV2: yaani AV ya pili, toleo jipya. TV ya Bibi inatumia AV. Basi nimnunulie Bibi lile toleo jipya, tusije tukarudi tena hapa.

Ndugu yangu, ile 2 si mbili. Ni mkato wa neno la Kiingereza linalotamkwa kama mbili yao, maana yake "kwenda". AV2HDMI inatoa kwenye AV kwenda HDMI. Yaani ni kwa ajili ya mtu mwenye deki ya zamani na TV mpya. Mimi nilikuwa na laptopu mpya na TV ya zamani. Nilimnunulia Bibi mkalimani anayetafsiri kinyumenyume. Na kwa kuwa matundu yanafanana, kila kitu kiliingia vizuri kabisa, na kila kitu kikakaa kimya. Niligundua baada ya saa nzima, nilipogeuza kisanduku na kuona pembeni ya tundu la HDMI pameandikwa OUTPUT.

Sirudii kusimulia uso wa muuzaji aliponiona mara ya nne.

Jioni hiyo nikawa na kisanduku sahihi. Nikachomeka HDMI kutoka kwenye laptopu, nikachomeka ule waya mdogo wa USB wa kukipa umeme (kwanza niliusahau, tukatazama bluu dakika kumi), kisha nikauchukua waya wa vichwa vitatu. Njano kwenye njano. Nyeupe kwenye nyeupe. Kichwa chekundu kikabaki kinaning'inia mbele ya kabati kama ulimi.

Bibi alikuwa amevaa miwani yake na anafuatilia.

"Na huo mwekundu?"

"Huo hauna kazi, Bibi."

"Hauna kazi, wakauweka?"

"Ni wa ziada."

Nilijua si wa ziada. Njano hubeba picha, nyeupe sauti ya kushoto, nyekundu sauti ya kulia. Ila TV yake ina spika moja na mlango mmoja wa sauti, huo mweupe. Nikaona nisimchoshe. Bibi akautazama tena ule mwekundu, akasema "haya", ile haya ndefu ya mtu anayeweka jambo akiba.

Picha ikaja! Sebule nzima ikapiga kelele. Kisha kelele ikashuka, kwa sababu picha yenyewe ilikuwa nyeusi na nyeupe, inapanda juu polepole kama nguo inayovutwa kwenye kamba.

"Kwani mmepiga harusi ya mwaka gani?" akauliza baba mdogo.

Kwenye ubavu wa konveta kuna swichi ndogo, upande mmoja PAL, upande mwingine NTSC. Ni mifumo miwili ya TV za zamani: PAL ina mistari 625, NTSC ina 525, na TV iliyozoea mmoja ikiletewa mwingine hukasirika namna hiyo. Nikaisukuma kwa ukucha. Rangi zikaja, picha ikatulia. Kwa sekunde chache nilikuwa mfalme.

Sema kilichotulia pale ni picha ya ziwa, ile ninayoiweka kama mandhari kwenye kioo cha laptopu. Bibi akaitazama kwa heshima muda mrefu. "Pazuri. Hapa ndipo walipofungia?" Laptopu ilikuwa imeifanya TV chumba cha pili badala ya kioo cha kujitazamia, video inacheza kwangu, kwa Bibi mandhari matupu. Nikabonyeza kile kitufe cha Windows pamoja na P, nikachagua vioo vyote vionyeshe kitu kimoja, na hatimaye, bwana, dada huyo akatokea na shela lake.

Alikuwa mrefu. Wote walikuwa warefu. Video za siku hizi ni pana, kioo cha chogo ni karibu mraba, na konveta haiulizi mtu, inabana tu watu kutoka pande zote mbili hadi waenee. Bwana harusi akawa kama mlingoti. Nikataka kurekebisha, lakini shangazi, ambaye alikuwa amejiona akipita nyuma ya meza kuu, akanyoosha mkono.

"Usiguse. Picha imetoka safi. Mmeona nilivyopungua?"

Hakuna aliyemjibu. Nikaongeza sauti, tukakaa kimya, maana ilikuwa imefika sehemu ya kiapo. Bwana harusi akamgeukia dada. Akafungua mdomo. Na kutoka kwenye spika ya TV, kubwa, safi, bila mikwaruzo, ikatoka sauti ya shangazi:

"Mama naye na lile gauni! Utadhani kashusha pazia la sebuleni akajifunga."

Bwana harusi aliendelea kusogeza midomo. Sauti ikaendelea kuwa ya shangazi. Akataja viatu. Akataja kofia, kwamba aliyekaa nyuma yake haoni harusi, anaona kofia. Kicheko cha mtu mwingine. Kisha shangazi tena: "Shh, anageuka."

Nilielewa kilichotokea kabla sijapata rimoti. Mpiga video alikuwa na maikrofoni mbili. Moja ndogo, isiyo na waya, ameibana kwenye koti la bwana harusi, sauti yake inaingia kulia. Nyingine iko juu ya kamera yenyewe, sauti yake inaingia kushoto, na nyuma ya kamera ndipo walipokuwa wamekaa shangazi na wenzake. Hakuna aliyezichanganya hizo sauti. Kwenye laptopu hutoka zote pamoja, kiapo kinafunika umbea, hutambui kitu. Kwenye TV ya Bibi ilikuwa inatoka ya kushoto tu. Kiapo chote kilikuwa kwenye kile kichwa chekundu, kinaning'inia mbele ya kabati, hakina pa kwenda.

Rimoti ilikuwa chini ya shangazi. Hakuinuka. Nadhani alikuwa ameganda.

Bibi hakumtazama shangazi. Alinitazama mimi.

"Niliuliza kuhusu huo mwekundu."

Nikapiga magoti, nikachomoa mweupe, nikauchomeka mwekundu kwenye tundu jeupe. Papo hapo umbea ukakatika, ikaja sauti ya bwana harusi, nzito, iko karibu kana kwamba kakaa nasi pale sebuleni, anaapa kwa dhiki na kwa raha. Baba mdogo akapiga makofi peke yake. Shangazi akapumua, akaanza kukusanya vikombe ambavyo watu walikuwa bado wanavinywea.

Bibi akavua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya khanga, akaivaa tena.

"Kiapo nilikisikia siku ile, nilikuwa kiti cha mbele," akasema. "Hebu turudishie mweupe, mjukuu wangu. Na uanzie nyuma kidogo, pale kwenye pazia."