Angani Sina Shida, Shida Ni Wenzangu

Matangazo yote ya kuruka na parachuti yana picha ya mtu anayecheka hewani, mashavu yamejaa upepo, meno yote nje. Hakuna hata moja lenye picha ya mtu aliyekaa kwenye benchi tangu asubuhi, kavaa suti ya kurukia, anatazama mfuko wa kuonyesha upepo. Na huo ndio mchezo wenyewe. Upepo ukizidi, sisi wageni haturuki, wakongwe wanaruka. Upepo ukipungua, wingu linaingia. Wingu likitoka, ndege inajazwa mafuta. Ukisema ukimbie msalani mara moja, hapo ndipo unasikia jina lako kwenye kipaza sauti.

Lakini kusubiri nimezoea. Kinachonimaliza ni adabu. Jamani, huu mchezo una adabu kuliko ukweni. Mimi nilidhani mtu akishaamua kujitupa kutoka kwenye ndege ambayo ni nzima kabisa, ameyaacha ya dunia, hana muda wa kuangalia nani kapita wapi. Kumbe.

Tuanze na ukumbi wa kupakia. Usipite juu ya kamba za mtu. Usikanyage kitambaa. Usiingie na kikombe. Usishike begi la mtu bila kumwomba, hata kama unaona mkanda wake umejipinda. Sawa, hayo yote naelewa, nailoni haitaki matope wala kumwagiwa vitu. Ila hao hao wanaonifundisha wametandaza za kwao kuanzia mlangoni mpaka ukutani, na nafasi ya wageni iko kona ya mwisho. Nifikeje? Nipae?

Halafu kupakia kwenyewe. Parachuti za wageni ndizo kubwa kuliko zote, kwa sababu kubwa inashuka kwa upole. Maana yake ni kwamba yule asiyejua kupakia ndiye anayepewa kitambaa kingi zaidi cha kupakia. Mkongwe ana kitu cha kutosha leso mbili tatu, anakikunja huku anapiga soga, kamaliza. Mimi nimeilalia ya kwangu kwa kifua, nimeipigia magoti, nimeikumbatia, na bado inapumua. Unatoa hewa huku, inaingilia kule. Na pale katikati ya ukingo wa nyuma, mahali hasa unapoanzia kuviringisha, mtengenezaji ameshona lebo yenye maandishi makubwa kwamba mchezo huu unaweza kukujeruhi vibaya au kukuua. Asante. Ningependa kuambiwa wakati mwingine, si sasa hivi nikiwa nimeiweka mdomoni ili mikono yangu ifunge begi.

Nikifika kwenye raba ndipo wazee wanakusanyika. Kamba za parachuti hukunjwa mafungumafungu, kila fungu linashikwa na raba, ili zichomoke kwa zamu wakati parachuti inafunguka. Mmoja ananiambia zungusha raba mara mbili, kamba zisije zikachomoka mapema. Mwingine anasema wewe, ukizungusha mara mbili zitakwama. Wote wameruka miaka na miaka, wote wazima, wote wananipigia kelele. Nikimsikiliza huyu, yule ananuna. Nikauliza kwa heshima kama hawawezi kuelewana kwanza halafu wanijulishe. Nikaambiwa nina kiburi.

Ndani ya ndege hamna viti. Mnakaa sakafuni, mmoja kati ya miguu ya mwenzake, wote mmetazama nyuma, vishikio vyako umevifunika kwa mikono maana kikinaswa na kitu, parachuti inaweza kufunguka humo humo na kutoka mlangoni na wewe na mkia wa ndege. Hiyo nayo ni adabu, na hiyo naiheshimu kwa moyo wote. Lakini kuna jambo hawaliandiki kwenye fomu. Ndege inapanda mpaka futi 13,000, karibu mita 4,000, na kimo kikipanda shinikizo la hewa linashuka, na shinikizo likishuka gesi iliyomo tumboni inapanuka. Ni fizikia. Haichagui mkongwe wala mgeni. Sasa weka watu wazima kumi na kitu kwenye chumba kile, magoti yamegusana na migongo, mlango umefungwa, halafu niambie ni nani wa kwanza kushutumiwa. Ni yule mwenye kofia ya kuazima. Kwa pumzi ile, mlango ukifunguliwa si ujasiri unaokutoa nje.

Kabla ya kutoka, wanasalimiana. Unagonga kiganja, unagonga ngumi, vidole vinachezeshwa hivi, kuna kingine cha kidole gumba ambacho mpaka leo sijakipata. Ukimruka mtu mmoja, ni kesi. Mimi pale kichwani nina orodha ndefu: mkanda wa kifua, mikanda ya mapaja, miwani, saa ya kimo, kile kiparachuti kinachoichomoa parachuti kuu kipo mfukoni mwake. Na mtu ananitingishia ngumi usoni anataka tucheze.

Na foleni ina itikadi yake. Wanatangulia wanaoanguka kifudifudi, kundi kubwa kwanza, dogo baadaye. Halafu wale wa kichwa chini. Halafu wanafunzi na walimu wao, wateja waliofungwa kifuani kwa mwalimu, na mwisho kabisa wale wenye mavazi ya mabawa. Wanasema anayelala kifudifudi anaanguka taratibu, kwa hiyo upepo unamchukua mbali zaidi. Akitoka nyuma ya wa kichwa chini, watakutana mahali pabaya. Ina mantiki, sibishi. Baina ya kundi na kundi mnaacha sekunde kadhaa, na upepo wa juu ukiwa mkali mnaziongeza, kwa sababu ndege inakwenda polepole juu ya ardhi. Basi mimi nasimama mlangoni nahesabu sekunde zangu nilizofundishwa, na nyuma yangu yule yule aliyenifundisha kuhesabu anapiga kelele: "Toka, unatuchelewesha!"

Nikifikiria hayo huwa namwonea wivu André-Jacques Garnerin. Mwaka 1797, mjini Paris, alipandishwa na puto, akakata kamba, akashuka na parachuti ambayo haikuwa na tundu juu la kupitishia hewa, ikamyumbisha huku na huku mpaka chini. Lakini alikuwa peke yake angani. Nani wa kumwambia amepanga foleni vibaya?

Siku parachuti yangu iliponikorofisha, niliipakia vizuri. Naomba hilo lieleweke. Nikarusha kiparachuti kwenye futi 5,000, nikahisi nimenyakuliwa mabegani, nikashukuru, halafu dunia ikaanza kuzunguka. Kamba zilikuwa zimejisokota kuanzia juu mpaka nyuma ya shingo yangu. Zimenibana kidevu kifuani, siwezi kutazama juu, nimeachiwa mandhari moja tu, ya viatu vyangu, na chini ya viatu shamba la mtu linapita, linarudi, linapita.

Kamba zikijisokota si mwisho wa safari. Unaishika ile mikanda ya mabegani, unaitanua, unapiga mateke hewani kuelekea upande wa kujisokotoa, na mara nyingi inakubali. Nikapiga mateke. Nilipiga mateke ya mtu anayefukuza mbwa asiyeonekana. Ila parachuti yenyewe ilikuwa imeshaamua kugeukia upande mmoja na kupiga mbizi, na kila mzunguko ukaja haraka kuliko uliotangulia. Saa ya kimo nayo inasoma tu, haina huruma. Sisi wageni tumepewa futi 2,500 kuwa kimo cha uamuzi. Ikifika hapo, mazungumzo na parachuti mbovu yamekwisha.

Kishikio chekundu kiko kulia, cha chuma kiko kushoto. Chekundu kinakuachanisha na parachuti kuu, cha chuma kinafungua ile ya akiba. Pale begani kuna pete tatu, ubunifu wa Bill Booth wa miaka ya 1970: kubwa inaikabidhi mzigo ya kati, ya kati inaikabidhi ndogo, kila pete ikiupunguza, mpaka mwishoni kinachobaki cha uzito wa mtu anayezungushwa kinashikiliwa na kitanzi kidogo cha uzi kilichopitishwa waya laini. Ukivuta waya, kila kitu kinaachia. Nikavuta. Ghafla kimya, tumbo likaja kooni, na kabla mkono wa kushoto haujakiona vizuri kile cha chuma, ule mkanda mfupi unaounganisha hizi parachuti mbili ukaifungua ya akiba wenyewe. Ikakaa juu yangu, nyeupe, imenyooka, haina maswali.

Na hata huo mkanda ungegoma, humo begini kuna kikompyuta kidogo: ukipita karibu na ardhi bado unaanguka kwa kasi, kinakata kitanzi kinachoifunga parachuti ya akiba, nayo inafunguka bila kukuuliza lolote. Hakikuulizi umesalimiana na nani ndegeni. Ndiyo maana nasema vifaa mimi sina ugomvi navyo.

Nikatua kwenye kona ya uwanja. Nikabiringika, nikainuka, nikajipapasa, miguu miwili, mikono miwili. Mtu wa kwanza kunifikia alikuja mbio, amekunja parachuti yake kwapani, nikajua huyu mwema anataka kujua kama ni mzima. Akasema, "Wewe, umenikatia njia kule mwisho."

Sheria ya kutua naijua kwa kichwa. Aliye chini ndiye mwenye haki ya njia. Na mimi nilikuwa chini. Nilianza kuwa chini mapema kuliko mtu yeyote siku ile. Nikamwambia hivyo. Akasema ndiyo, lakini wa kwanza kutua alitua akielekea kaskazini, na mimi nimeingia kwa ubavu. Nikamwonyesha rangi ya parachuti yangu. Akaitazama ile nyeupe kwa muda, akasema, "Aa. Hata hivyo."

Parachuti kuu tuliikuta juu ya mti, begi la ile ya akiba liko mbali zaidi, kwenye majani marefu. Kishikio chekundu hakikuonekana. Unapokuwa umeningʼinia unazungushwa, wanataka ukivute halafu ukitunze, ukichomeke kifuani, kwa sababu ni ghali. Nilikiachia angani na sijutii.

Jioni ndipo nikajua kuna sura nyingine ya adabu. Parachuti ya akiba hupakiwa na fundi mwenye leseni, akimaliza anafunga kwa uzi na lakiri, na ikikuokoa, unampelekea chupa ya kinywaji kikali anachokipenda. Huyo nilimpelekea kwa mikono miwili. Angetaka ng'ombe ningemtafutia. Lakini kumbe pia kila jambo unalolifanya kwa mara ya kwanza unawanunulia wenzako kreti ya bia. Mara ya kwanza kukata parachuti: kreti. Mara ya kwanza kutumia ya akiba: kreti. Nikasema hilo ni tukio moja. Wakakaa kikao. Yule niliyemkatia njia ndiye aliyekuwa mwenyekiti, na akakumbuka kwamba hata kutua kona ile ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Kreti nimelipa. Kishikio bado wananidai.